Mpini unakuchubua? Vunja kona mwenyewe, lakini acha grainda

Hebu tazama kiganja chako. Kama kazi yako ni ya kisu, iwe ni kumenya miwa kando ya barabara Malaba, kupasua samaki sokoni Busia au kukata kamba za maturubai kwenye foleni ya matrela, utaona sugu chini ya kidole cha shahada na nyingine kwenye mkunjo wa kidole gumba. Sugu hizo hazikuletwa na makali ya kisu. Zililetwa na mpini.

Hili hakuna anayekuambia dukani. Muuzaji atakuonyesha jinsi kisu kinavyopasua karatasi, atakifungua na kukifunga mara tatu, atakuapia kwamba ni orijino. Hatakuambia ukishike kwa nguvu dakika 5 nzima kama unakata kitu kigumu. Ungefanya hivyo, ungejua palepale kama pembe za mpini zimeachwa kali jinsi zilivyotoka kwenye mashine, na kama jioni utarudi nyumbani na malengelenge.

Kwa panga au kisu cha mpini wa mbao, dawa tunaijua. Unatafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, unaikata mkanda, unazungusha, unafunga. Mji uliolipa neno bodaboda uhai wake hauwezi kukosa tyubu. Shida ni kisu cha kukunja, kile ambacho mpini wake ni bamba mbili za chuma zilizoshikwa na skrubu ndogo. Ukikizungushia raba hakikunjiki tena. Na vile vya bei, bamba hizo ni za titaniamu, madini mepesi yasiyoshika kutu, ambayo watu wengi wanayaogopa kuyagusa kwa tupa wakidhani hayakatiki.

Yanakatika. Tupa ya kawaida ya hadwea ni ngumu kuliko titaniamu inayotumika kwenye mipini. Kazi yenyewe ni ya jioni moja au mbili ukiwa kejani kwako. Lakini kuna mahali pawili pa kuharibu, na mimi niliharibu pote pawili kwa siku moja, tena kwa kisu kisicho changu.

Kilikuwa cha anko wangu, dereva wa trela la Mombasa kwenda Kampala. Kisu alikipata safarini, sikumuuliza vipi. Siku hiyo foleni ya Malaba ilikuwa haisogei, akaja kula kwangu, akakitoa kukata nyama na akalalamika.

"Kisu kizuri, lakini hiki kimpini kinanikata mimi kuliko nyama."

"Niachie anko, kesho nitakupa kikiwa laini kama sabuni."

Nilikuwa na rafiki mwenye kibanda cha kuchomelea. Nikaazima grainda, nikaweka diski ya kusagia, nikapitisha pembe zote. Cheche zilitoka nyeupe, nyeupe kabisa, si zile za rangi ya chungwa tulizozoea kwenye vyuma vya madirisha. Watu wakasimama kutazama. Mimi nikajiona fundi. Bamba likawa la moto kiasi cha kushindwa kulishika, likageuka rangi ya majani makavu kisha zambarau, na mimi bado nikaendelea kwa sababu lilipendeza.

Anko alipokea kisu asubuhi, akakifinya, akafurahi. Siku mbili baadaye akiwa anakata kamba ya turubai upande wa pili wa mpaka, kisu kikajikunja chenyewe kikiwa kazini. Kidole cha shahada, nyuzi tatu. Alinipigia simu kutoka njiani na hakunitusi, jambo lililoniuma zaidi.

"Wewe kijana, uligusa ule ulimi?"

Sikujua hata ulimi ni nini.

Basi wewe uujue kabla hujagusa chochote. Fungua kisu chako cha kukunja na utazame ndani ya mpini. Kwenye visu vingi vya bamba za titaniamu, bamba moja limechanwa kwa urefu na kuacha kipande chembamba kinachochezacheza kama springi. Bapa likifunguka, kipande hicho kinaruka ndani na kuziba nyuma yake. Huo ndio ulimi, na ndio kufuli. Hakuna kufuli nyingine. Mpini wenyewe ndio unaozuia bapa lisirudi kwenye vidole vyako. Ukisaga ncha ya ulimi hata kidogo mahali inapokutana na bapa, kufuli inateleza. Ukiupasha moto kupita kiasi, unaweza kupoteza nguvu yake ya springi. Mimi nilifanya yote mawili.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: chora ulimi kwa kalamu ya wino usiofutika, ncha yake na pande zote za ule mchano, na hapo tupa haipiti. Kama kona ya ulimi inakuchoma kidole wakati wa kufunga, pitisha msasa laini mara mbili tatu kwenye ukingo wa nje tu, basi. Uso wa ncha unaogusa bapa usiuguse kabisa, hata kwa kitambaa chenye msasa.

Kabla ya hapo, hakikisha kwamba unachotaka kukisaga ni titaniamu kweli. Neno hilo limegeuka kuwa la kuuzia vitu. Kisu kimeandikwa titaniamu, kumbe ni chuma cha pua kilichopakwa tabaka jembamba sana la titaniamu yenye naitrojeni, lile lenye rangi ya dhahabu. Ukipitisha tupa umeondoa rangi uliyoilipia, na chini yake ni chuma kile kile cha sufuria. Si dhambi kununua kisu cha namna hiyo. Dhambi ni kukilipia bei ya kile kingine.

Anza na sumaku, hata ya spika iliyokufa. Ikishika mpini, si titaniamu, kwisha maneno. Isiposhika, bado hujamaliza, maana alumini nayo haishiki, na kuna aina za chuma cha pua zisizoshika. Sasa inakuja hesabu ya darasa la fizikia uliyodhani hutaihitaji tena. Fungua bamba moja la mpini. Lipime kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni. Chukua kikombe chembamba, tia maji, weka alama mahali maji yalipofika, kisha zamisha bamba. Maji yatapanda. Kwa bomba la sindano la kemisti, vuta maji mpaka yarudi kwenye alama, na usome umevuta mililita ngapi. Gawanya gramu kwa mililita. Ukipata karibu 4.5, hiyo ni titaniamu. Ukipata karibu 8, ni chuma. Ukipata 2.7, umeuziwa alumini. Bamba la gramu 18, kwa mfano, linapaswa kusukuma mililita 4. Rudia mara tatu kwa sababu bamba ni dogo na jicho linadanganya.

Kufungua bamba kunahitaji bisibisi ya nyota, mara nyingi saizi T6 na T8. Usinunue seti nzima. Fundi wa simu aliye karibu nawe anazo, na kwa heshima kidogo atakuazima ukitumia mbele yake. Skrubu hizo ni ndogo kama mchele, ziweke kwenye kifuniko cha chupa. Ikikaza, usiizungushe kwa hasira, kichwa kitalika na utabaki na kisu kisichofunguka milele.

Tukiwa bado kwenye hii titaniamu, kuna jambo ambalo huwa linanikera. Kenya tumekuwa tukiichimba. Kule Kwale, kuanzia 2013, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye ilimenaiti na rutaili, ikaupakia melini Likoni na kuuza nje, mpaka uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Uliondoka ukiwa mchanga. Kuugeuza kuwa chuma kunahitaji klorini na magnesiamu kwenye joto kali ndani ya vyombo visivyoingiza hewa, na sehemu kubwa ya mchanga wa aina hiyo duniani hata haiwi chuma. Inageuzwa unga mweupe wa kutia kwenye rangi za nyumba, plastiki na dawa ya meno. Kwa hiyo ukuta mweupe wa ploti yako huenda una titaniamu kuliko kisu cha jirani anayejigamba nacho.

Chuma cha kawaida ni hadithi nyingine, na huku kwetu si hadithi ya kuazima. Kusini mwa kaunti hii, milima ya Samia upande wa Funyula, wahunzi waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe ya huko zamani kabla ya reli kufika. Majembe ya Samia yalienda mbali, kwa Waluo na kwa Waluhya wengine, na yalilipiwa mahari. Mpaka wa wakoloni ulipopita ukawakuta Wasamia wako pande zote mbili. Nikiona mtu Busia anadharau kazi ya tupa kama kazi ya walioshindwa shule, huwa najiuliza anadhani bibi yake aliolewa kwa nini.

Haya, kazi yenyewe.

Unahitaji tupa bapa yenye meno laini, si ile ya kunolea panga. Ongeza kipande cha chaki ya shuleni, brashi ndogo ya waya, tepu ya karatasi, kalamu ya wino mzito, na msasa wa maji wa namba 240, 400 na 800, ule ule wanaotumia wapiga rangi wa magari. Ukiwa na jiliwa, ambayo wengi tunaiita vaisi, vizuri sana. Huna, finya bamba kwenye ukingo wa meza kwa klampu, ukiweka vipande vya mbao laini juu na chini ili lisichubuke.

Paka wino kwenye pembe yote unayotaka kuivunja. Kisha bandika tepu juu ya uso wa bamba, ukiacha ukanda wa nusu milimita tu ukingoni, na ufanye hivyo hivyo kwa upande wa unene. Nusu milimita inaonekana kama si kitu. Niamini, mkono utaisikia. Watu wanaoanza hutaka kuona matokeo kwa macho, wanachonga milimita mbili, na bamba linabaki jembamba karibu na matundu ya skrubu.

Shika tupa ikiwa imelala nyuzi 45 katikati ya nyuso mbili. Sukuma mbele, inua, rudi. Usiburute ukirudi, meno yanakufa. Titaniamu ina tabia moja ya kuudhi: inanata. Vipande vidogo vinajikwamisha katikati ya meno ya tupa, na kipande kimoja kilichokwama kitachora mfereji kwenye mpini wako. Ndiyo maana ya chaki. Isugue kwenye tupa mpaka iwe nyeupe, na kila baada ya misukumo kumi safisha kwa brashi ya waya na upake tena. Ukisikia tupa inalia badala ya kukwaruza, imejaa. Simama.

Wino ndio mwalimu wako. Ukibaki upande mmoja, pembe yako imeinama. Ukitoka sawasawa kwa urefu wote, umepata mstari mmoja ulionyooka unaong'aa, na hapo ndipo unapoacha tupa hata kama mkono unataka kuendelea. Kwenye mizingo ya mpini, pale kidole cha shahada kinapokaa, tumia tupa ya mviringo au zungushia msasa kwenye kalamu.

Baada ya tupa, msasa. Uloweshe. Anza na 240, ukiwa umeuzungushia kwenye kipande cha raba, ufuate mstari ule ule, sasa ukiulegeza mkono kidogo ili kona mbili mpya ulizotengeneza nazo zife. Hapa ndipo ulaini unapotoka. Pembe moja kali umeigeuza kuwa mbili butu, na msasa unazimaliza hizo mbili. Halafu 400, halafu 800 ukitaka kung'aa. Mimi huishia 400, kwa sababu mpini unaong'aa sana unateleza ukiwa na mafuta ya samaki.

Kama mpini ulikuwa na rangi, kwenye pembe utabaki mstari wa fedha. Wengine wanaupenda. Rangi nyingi za titaniamu, bluu na zambarau zile, si rangi ya kupaka, ni ngozi nyembamba ya oksidi inayocheza na mwanga, na viwandani huiotesha kwa umeme wa makumi ya volti. Usije ukajaribu na umeme wa ukutani. Nakuona.

Sasa ule uharibifu wa pili, wa grainda. Zile cheche nyeupe zilizowafanya watu wasimame ni titaniamu inayowaka moto. Kipande kizima hakiwaki kirahisi, chuma chenyewe kinayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,668. Lakini vumbi lake ni jambo jingine. Vumbi kavu la grainda likirundikana kwenye kona ya kibanda, cheche moja inatosha, na moto wake ni mweupe na mkali ajabu. Kibaya zaidi, ukiumwagia maji unauchochea, kwa sababu titaniamu inayowaka hunyang'anya maji oksijeni yake na kuachia haidrojeni. Dawa yake ni mchanga mkavu, ufunikwe na kuachwa. Fikiria hilo kwenye ploti ya mabati na mbao, vyumba kumi mlango kwa mlango, na mitungi ya gesi ndani. Siku ile kwenye kibanda cha rafiki yangu, kando yangu kulikuwa na matambara yenye oili. Hatukuungua kwa bahati tu.

Tupa ya mkono inatoa vipande vikubwa zaidi, vya baridi, na msasa uliolowa unashika vumbi lisiruke. Tandika gazeti, likunje likiwa bado na unyevu, ulitupe mbali na jiko na sigara. Vaa miwani, hata ile ya bodaboda. Vumbi la metali kwenye jicho ni safari ya hospitali.

Ukimaliza, rudisha bamba, kaza skrubu bila kuvunja mkono, kisha kabla ya kujisifu kwa mtu, pima kufuli. Fungua kisu mpaka kilie klik. Weka vidole mbali na njia ya bapa, shika mpini kwa pande zake, na ugonge mgongo wa bapa taratibu kwenye kipande cha mbao mara tano sita. Lisipotikisika, sawa. Likijikunja hata mara moja, hicho si kisu tena, ni mtego. Usikirekebishe kwa kukunja ulimi na koleo. Kiweke kando, au kifunge kabisa kwa skrubu kisikunjike.

Swali ambalo najua unalo: je, unaweza kula hela hapa? Kwa titaniamu peke yake, hapana. Visu hivyo ni vichache mno huku. Lakini mkono uliojifunza kuvunja kona kwa nusu milimita unajua kuvunja kona za kila kitu: visu vya mabucha vya chuma cha pua, mikasi ya vinyozi na mafundi cherehani, vipini vya majembe. Yule mzee wa baiskeli ya kunolea visu anapita mtaani akinoa makali tu. Sijawahi kumsikia hata mmoja akimuuliza mteja, mpini vipi? Mama anayepasua samaki tangu alfajiri angemlipa. Hilo muulize mwenyewe sokoni, usichukue neno langu.

Na kuhusu kutembea nacho. Kisu kizuri kina kishawishi cha kukaa mfukoni. Kisheria, kwenda hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kutisha watu ni kosa Kenya, na afisa pale kwenye kituo cha pamoja cha mpakani hatajali pembe zako zimelainishwa kwa msasa namba gani. Cha kazi kikae kazini, kwenye boksi la vifaa. Usivuke nacho ukiwa umekiweka mfukoni kama simu.

Anko bado anapita Malaba. Kile kisu nilikifunga kwa skrubu mbili, kiko wazi moja kwa moja, anakitumia kumenyea machungwa ndani ya kabini. Mwezi uliopita aliniletea kingine, kipya, bado kwenye boksi, kona zake kali kama kigae. Akakiweka mezani na bisibisi ya nyota juu yake.

"Polepole safari hii," akasema, akiwa amekunja kile kidole.

Nimeshapaka wino kwenye ulimi. Tupa nitaishika Jumamosi.